Samaki Mwenye Kifundo cha Mkono

Hilux nyeupe ilikata kona bila kuwasha taa ya ishara.

Nungu alipunguza mwendo wa Yamaha yake, akaliacha lori la mchanga limpite na kumkinga, kisha naye akaikata kona ileile. Hakuwa na sababu ya kukimbia. Chini ya bampa ya Hilux kulikuwa na kidude kidogo chenye sumaku, ukubwa wa kifungo cha koti, na kila gari lilipopinda, nukta nyekundu ilipinda nalo kwenye saa ya Garmin mkononi mwake.

Nyuma ya gari kulikuwa na madumu ya bluu yaliyofungwa kamba.

Asidi.

Redio ilikwaruza sikioni.

"Nungu, hapa Shimo."

"Nakusikia, Shimo."

"Mnunuzi ametua. Ndege ndogo, uwanja wa watu binafsi. Anaondoka leo, jua halijazama."

"Na samaki?"

"Hatujui aliko. Mfikie kabla yake."

"Nimeelewa."

Aliyesema alikuwa Mkuu wa Shimo, idara ya siri aliyoitumikia Nungu. Alikuwa mzee mwenye sauti ya mtu aliyelala vibaya tangu aajiriwe. "Nungu, najua jambo hili ni la nyumbani kwenu. Kama moyo utakusumbua, sema sasa nimtume mwingine."

"Moyo nimeuacha nyumbani, Mkuu."

Ulikuwa uongo. Majasusi hulipwa ili waseme uongo, lakini huu aliusema bure.

Samaki mwenyewe hakuwa wa kitoweo. Watu husema samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikuwa amekauka kabla hajazaliwa mtu wa kumkunja. Alikuwa kisukuku, mifupa iliyogeuka jiwe ndani ya jiwe, na aliyemtoa ardhini ni kaka yake Nungu, mtoto wa kwanza wa mama yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari wa Mawe.

Kaka hakumwokota njiani. Alimtafuta. Alikuwa na hoja moja ambayo alimweleza kila aliyekaa naye mezani, hata wale waliokuja kusoma mita ya umeme. Mawe ya zamani sana, alisema, yana samaki tupu. Mawe machanga zaidi yana wanyama wenye miguu minne. Kwa hiyo kama kweli wa pili walitokana na wa kwanza, nenda kwenye mawe ya katikati, umtafute wa katikati. Ukimkuta palepale ulipotabiri, hiyo si bahati tena, huo ni ushahidi. Akachagua kilima kimoja chenye mawe ya umri ule, akakichimba zaidi ya miaka kumi, mgongo ukapinda, nywele zikang'oka, hadi siku alipokuta pezi ambalo halikuwa pezi. Lilikuwa na mfupa mmoja juu, mifupa miwili ikifuata, kisha vifupa vidogo vilivyopangana. Kifundo cha mkono. Samaki mwenye kifundo cha mkono.

Alimpigia Nungu simu akilia.

Sasa, wachimbaji wa visukuku wana desturi yao. Mfupa hautolewi kwenye jiwe porini. Unakata bonge zima, unalifunga kwa vitambaa vya gunia na plasta kama mguu uliovunjika, unalisafirisha, na unalifungua makumbusho. Kati ya kufunga na kufungua hakuna anayeona kilichomo.

Hapo ndipo wezi walipopitia. Walitengeneza bonge la plasta lenye ukubwa uleule na alama zilezile, wakalibadilisha stoo. Siku ya kufungua, mbele ya wataalamu wageni na kamera, msumeno ulipasua plasta na ndani akatoka samaki aliyebandikwa miguu ya kenge. Gundi ilimeta chini ya taa. Mgeni mmoja alicheka, na kicheko kikazunguka ukumbi mzima. Mwizi wa kawaida huchukua kitu akakimbia. Hawa walichukua kitu wakaacha kicheko nyuma yao, maana hakuna anayekitafuta kitu ambacho ameshaambiwa hakikuwepo.

Wiki ileile stoo ya vipande vya mawe kutoka kilimani ikaungua. Kilima chenyewe kilikuwa kimezama chini ya maji ya bwawa jipya la umeme. Kaka akasimamishwa kazi. Mtaani jina lake likawa Gundi. Wifi akawachukua watoto akaenda nao kwa wazazi wake, kwa muda tu, alisema, huku akibeba hata masufuria.

Bonge la kweli likipatikana, likiwa na jiwe lake, lingemsafisha. Nungu aliyaelewa hayo, au alidhani anayaelewa. Jumapili iliyopita Kaka alimkalisha na kumweleza tena kwamba ndani ya jiwe kuna chembe za mimea ya enzi ile, ndogo zaidi ya vumbi, na ndizo zinazotaja umri. "Mfupa unasema mimi ni nani, mdogo wangu," alisema. "Jiwe ndilo linalosema niliishi lini. Hao wawili usiwatenganishe." Nungu aliitikia kwa kichwa huku akisafisha bastola. Aliitikia kama ndugu wanavyoitikiana.

Nukta nyekundu ilisimama.

Kilikuwa kiwanda cha vigae kilichokufa zamani, geti la bati, ukuta wenye vipande vya chupa juu. Nungu aliificha pikipiki nyuma ya marobota ya matambara, akatoa darubini ya Nikon. Madumu yalishushwa. Hilux ikaondoka na watu wawili, na getini akabaki mmoja mwenye bunduki begani na simu mkononi, anatazama mpira.

Nungu alimtokea upande wa simu. Kiganja kimoja shingoni, goti moja tumboni. Mlinzi aliketi chini taratibu kama mtu aliyekumbuka kuwa amechoka. Simu ikaendelea kutangaza mpira peke yake.

Ndani alikaribishwa na harufu.

Siki. Siki kali ya kutoa machozi, kana kwamba mtu alikuwa anaandaa kachumbari ya jeshi zima. Aliifuata harufu hiyo kwenye korido iliyojaa vigae vilivyovunjika, Beretta mbele, kizuia sauti kimeshafungwa mdomoni mwa bastola. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi nusu.

Aliingia.

Chumba kilikuwa kisafi kuliko hospitali nyingi. Taa nyeupe, feni za kuvuta hewa, brashi zimepangwa kwa ukubwa. Katikati kulikuwa na beseni la plastiki refu mfano wa jeneza la mtoto, limejaa maji ya kijivu. Ndani ya maji hayo alilala samaki.

Alikuwa anachemka.

Mapovu madogo yalipanda kutoka pande zake zote, mfululizo, kwa sauti ya soda inayomiminwa. Jiwe lililomzunguka lilikuwa limekwisha. Mbavu zilikuwa wazi. Pezi lilikuwa wazi. Kaka alikuwa amevuja jasho kwa zaidi ya miaka kumi, na mbele ya macho ya Nungu jasho hilo lilikuwa linayeyuka.

Fundi mmoja mwenye aproni ya mpira alisimama kando na kijiko cha mbao. Alipoiona bastola aliinua mikono, na kijiko nacho kikainuka.

"Sogea ukutani," Nungu alisema.

"Dada, nisikilize kwanza."

"Ukutani."

Fundi alisogea. Nungu aliangalia chini ya beseni, akaona kizibo na bomba nene linaloelekea kwenye tundu la sakafu. Ukutani kulikuwa na mpira wa maji. Hakufikiri. Katika kazi yake, anayefikiri mbele ya kitu kinachoungua hubaki na majivu.

"Dada, usimwage," fundi alisema. Sauti yake haikuwa ya kitisho, ilikuwa ya kuomba. "Mwenye mali anataka na tope lake. Amesema bila tope hachukui."

Mwenye mali. Kwa Nungu neno hilo lilitosha. Mwenye mali halisi, Kaka, alikuwa amekaa peke yake mtaa wa pili akila mkate mkavu.

Alichomoa kizibo.

Maji ya kijivu yalishuka kwa kishindo, na nyuma yake likafuata tope zito, laini, rangi ya majivu, lililokuwa limetulia chini ya beseni. Nungu alifungua mpira hadi mwisho. Akampiga samaki maji ya nguvu pande zote, mbavuni, kwenye fuvu, kwenye vifupa vya kifundo, mpaka mapovu yakaisha na chembe ya mwisho ikaingia kwenye tundu la sakafu. Fundi aliketi chini akafunika uso. Nungu alimfunga mikono kwa pingu za plastiki, akajisikia vizuri kuliko alivyojisikia mwezi mzima.

"Shimo, hapa Nungu. Nimempata. Mifupa mizima."

"Hongera, Nungu. Vijana wako njiani. Mnunuzi naye yuko njiani, kaa macho."

Mnunuzi alikuwa karibu kuliko Mkuu alivyodhani.

Aliingia akiwa na sanduku la Pelican mkono wa kushoto na Walther mkono wa kulia. Kazini walimwita Bwana Glavu, kwa sababu hakuna picha yake hata moja ambayo hakuvaa glavu nyeupe za pamba. Alikuwa mgeni, mrefu, wa makamo, suti ya kitani, na alikisema Kiswahili polepole kama mtu aliyejifunza kwa kulipia. Nungu alijitupa nyuma ya beseni. Risasi ya kwanza ilivunja taa. Ya pili ilitoboa dumu, na harufu ya siki ikajaa chumba kizima.

Nungu alivingirisha bomu la moshi.

Moshi ulipanda mweupe, feni zikaanza kuunyonya. Alitambaa upande wa kulia, akazunguka meza, akatokea ubavuni kwa mgeni, Beretta ikiwa sikioni mwake. Kidole kilikuwa tayari. Lakini Bwana Glavu hakuwa anamtafuta yeye tena. Moshi ulipopungua, alikuwa amesimama juu ya beseni, anatazama ndani.

"Tope liko wapi?" aliuliza.

Fundi, pale chini, alionyesha tundu la sakafu kwa kidevu.

Bwana Glavu alilitazama tundu. Akautazama mpira wa maji uliokuwa bado unatiririka. Kisha akafanya jambo ambalo Nungu hakuwahi kuliona katika miaka yake yote ya kazi. Aliweka Walther mezani mwenyewe, taratibu, na sanduku akaliweka kando yake.

"Nikamate," alisema. "Sina tena cha kununua. Samaki ninao kabati zima. Mijusi ninayo. Nilimtaka wa katikati, na wewe umemmwaga."

Nungu alimfunga pingu bila kumjibu. Wakubwa wakishindwa hupenda kusema maneno. Alipanga mifupa ndani ya sanduku la Pelican, kwenye sponji lake jeusi, kila mfupa na tundu lake, kana kwamba lilichongwa kwa ajili yake. Nalo lilikuwa limechongwa kwa ajili yake. Vijana wa Shimo walifika, wakachukua watu wao. Njama ilikuwa imekufa. Jua bado lilikuwa juu.

Alifunga sanduku nyuma ya Yamaha na kushika barabara.

Ilikuwa kwenye taa za barabarani, karibu na kituo cha mafuta, ambapo maneno yale yalimrudia. Si maneno ya Bwana Glavu. Ya Kaka. Hao wawili usiwatenganishe.

Taa iliwaka kijani. Magari nyuma yake yalipiga honi. Nungu alikuwa ameganda.

Jiwe halikuwa limepotea kwenye asidi. Asidi ile ya siki, isiyokula mfupa, ilikuwa imelilegeza tu, ikalifanya tope, na chembe za umri zilikuwa zimelala ndani ya tope lile, chini ya beseni, salama. Wezi walizitunza. Mwizi aliyeua jina la kaka yake alikuwa na akili ya kutunza tope, na yeye, dada wa damu, alilifungulia mpira wa maji hadi mwisho.

Aligeuza pikipiki akarudi kiwandani kwa mwendo ambao ungemfukuzisha kazi. Alipiga magoti kwenye lile tundu la sakafu, akaingiza mkono hadi begani. Bomba lilishuka moja kwa moja kwenye mfereji mkubwa wa mji, nyuma ya ukuta, na mfereji ulikuwa unakwenda kasi, mweusi, na mafuta ya magereji na povu la sabuni. Alisimama ukingoni kwa muda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, waliimbiwa yeye na Kaka utotoni, na wote wawili waliona ni wimbo wa watu wengine.

Simu ilitetemeka. Mkuu alikuwa na habari, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilionyesha aibu. Bwana Glavu hatashtakiwa. Nchi yake ilikuwa imemshikilia mtu wetu kwa muda mrefu, na jioni hii wangebadilishana. Fundi naye angenyamazishwa kwa masharti. Kuhusu kazi ya leo, haikufanyika. Hakuna gazeti, hakuna mahakama, hakuna ushahidi wa mtu yeyote.

"Kaka yangu je?" Nungu aliuliza.

"Mpelekee samaki wake. Hilo nimekuombea mimi mwenyewe."

Kaka alikuwa jikoni, kwenye meza yenye vikombe vya juzi. Alisikia mlio wa pikipiki akafungua mlango kabla haujagongwa. Alipoliona sanduku alifuta meza kwa mkono wa shati, vikombe akaviweka chini sakafuni, akakaa.

Nungu alifungua vifungo viwili vya sanduku.

Kaka aliinama juu ya sanduku. Kisha alikunja mkono wa shati, akaulaza mkono wake kando ya lile pezi. Mfupa mmoja begani, na mmoja pale. Miwili chini ya kiwiko, na miwili pale. Aligusa vifupa vya kifundo cha samaki, kimoja kimoja, kisha akagusa vyake. Alicheka peke yake kwa sauti ya chini. Nungu hakuwa amekisikia kicheko kile tangu siku ya msumeno, na akatamani dunia isimame hapo.

Kaka alichukua lenzi yake. Alianza kuangalia kwenye nyufa, ndani ya fuvu, katikati ya mbavu, sehemu zote ambako jiwe hupenda kujificha. Alikwenda polepole. Halafu akaanza kwenda haraka.

"Wamemsafisha," alisema. "Tope walilipeleka wapi?"

Nungu alikuwa amewadanganya mabalozi. Aliwahi kumdanganya mtu aliyemshikia kisu. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi, wa huruma: walishalitupa kabla sijafika.

"Nimelimwaga mimi, Kaka," alisema. "Nilimkuta anachemka, nikadhani anaungua. Nikachomoa kizibo."

Akamweleza na yaliyobaki, mfereji, Bwana Glavu na makabidhiano ya jioni. Kaka alisikiliza huku ameshika lenzi. Mwishoni aliiweka mezani, upande wa kioo juu.

"Ungefanyaje," alisema. "Hata mimi ningechomoa."

Kazi ya Nungu ilikuwa kumtambua anayedanganya, na hakuhitaji hata kumtazama usoni. Uongo ule ulimuuma kuliko kama angempiga kofi.

Alisema haraka, kama mtu anayekimbilia basi, kwamba bado kuna njia. Kaka anajua umri wa samaki huyu. Anajua kilima, anajua tabaka, alimtoa kwa mikono yake. Basi aandike tu.

"Kujua kwangu si ushahidi," Kaka alisema. "Bila lile jiwe kuna neno langu tu. Na neno langu unajua linaitwaje mtaani."

"Kwa hiyo?"

Kaka alivuta droo ya meza, akatoa lebo nyeupe ya makumbusho, zile ndogo zinazofungwa kwa uzi kwenye kila kitu kinachoingia kabatini. Alichagua kalamu yenye ncha nyembamba. Mkono wake uliopinda kwa nyundo uliandika herufi safi, bila kutetemeka, na Nungu alizisoma zikiwa kichwa chini, moja baada ya nyingine.

Samaki. Mahali alipopatikana: hapajulikani. Aliyempata: hajulikani. Umri: haujulikani.

"Kaka, jina lako angalau," Nungu alisema.

"Wakiliona jina langu watamtupa. Hivi watamweka droo ya chini na wenzake wasio na kwao." Alifunga uzi kwenye mfupa wa begani, mafundo mawili, akakata ncha kwa meno. "Kesho mpitishe mlango wa nyuma wa makumbusho, yupo mtu wa stoo nitakayemwambia. Sasa nenda, mdogo wangu. Una kazi."

Nungu alimwekea mkono begani. Kaka aliupapasa mara moja, bila kugeuka, kisha akaanza kupuliza vumbi ambalo halikuwepo juu ya mbavu za samaki.

Nje jua lilikuwa linashuka. Juu ya paa za mtaa ndege ndogo ilipita, ikipanda, nyeupe, ikielekea kwao Bwana Glavu. Nungu aliitazama mpaka ikawa nukta. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akapanda Yamaha.

Redio ilikwaruza.

"Nungu, hapa Shimo. Mzigo umefika?"

"Umefika."

"Salama?"

Kupitia dirisha la jikoni alimwona kaka yake amewasha taa, amelaza tena mkono wake mezani kando ya pezi.

"Mifupa yote ipo," alisema, akawasha pikipiki na kuingia barabarani.